Maini ya Kambale wa Naviundu

Kwenye kilio cha dada yangu Godelive, siku ya kwanza, kabla watu hawajapewa chai, mjomba alinigeukia mbele ya wote akasema, "Feli, weye njo ulikuwa naye. Elezea bantu ugonjwa." Kwetu ni desturi. Wafiwa hawakai na wageni bila kuwaambia marehemu alianzaje kuumwa, alipelekwa wapi, alipewa dawa gani, alisema nini mwisho. Maelezo yakiwa mafupi watu hutazamana, kwa maana kifo kisichoelezwa hutafutiwa mtu aliyekileta. Nilisimama. Nikasema figo zake zilichoka, tukampeleka hospitali, daktari akasema zimechoka sana, akafa Alhamisi. Nikakaa. Waliendelea kungoja, nadhani walifikiri kilio kimenikaba na nikipumua nitaendelea. Hakikunikaba. Nilikuwa nimemaliza kusema yote ninayoyajua kwa hakika. Yaliyobaki ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa kwake Naviundu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na sikujua kama yanaingia katika habari ya ugonjwa au hayaingii. Mpaka leo sijui. Nayaandika kwa sababu pale sikuyasema.

Nyumba ya Yaya, ndivyo nilivyomwita dada yangu mkubwa, ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake lupango, yaani kiwanja chake, kiliteremka kupitia bustani ya mboga alizouza, lengalenga na matembele, mpaka kwenye mto Naviundu wenyewe. Chumba cha nyuma alilala yeye. Chumba cha mbele tulilala mimi na mama mkwe wake, Mama Numbi, kati ya viti vya plastiki na gunia la makaa, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu iliyofubaa upande wa dirisha. Mama Numbi alikuja kutoka Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, juu ya lori, amejaa vumbi mpaka kope, amebeba mkeka, sufuria yake mwenyewe na furushi la samaki wakavu. Alikuja kwa jambo moja: mimba. Yaya alikuwa amekwisha kupoteza mbili, na hii ya tatu ilikuwa imeanza kuonekana chini ya kikwembe. Shemeji alikuwa Kolwezi akitafuta kazi, akituma salamu. Kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu, na usiku na mchana tulikuwa tunailinda mimba ile kama watu wanaolinda moto wa jirani usizimike. Mama Numbi hakuficha mawazo yake. "Mutoto anajengwa na samaki," alisema. "Hii majani yenu inajenga mbuzi." Samaki wa barafu waitwao tomson, ambao mji mzima ulikula, aliwadharau. "Ile ni maiti ya zamani," alisema. "Muntu anazika maiti, hakule maiti." Ilikuwa vizuri kwake kuwadharau, maana kuwanunua kila siku hatukuweza.

Furushi la Kilwa lilipokwisha, aliteremka mwenyewe kuangalia mto. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji yalikuwa yamejivuta na kuacha madimbwi pembeni. Akakusanya wanawake wa kando ya mto akawaonyesha kwa sauti kubwa kazi ambayo wengi waliijua tangu kwa bibi zao: kujenga ukuta wa tope na majani kuzunguka dimbwi, kupanga mstari, kuteka maji kwa mabeseni na kuyamwaga ng'ambo ya ukuta, kupokezana, kuimba, mpaka tope lionekane na kambale waanze kupiga mikia, kisha kuwafunika kwa vikapu. Nilikuwa mzembe katika kazi ile nao walinifurahia kwa sababu hiyo. "Feli, inama! Unainama sawa mukubwa wa ofisi!" "Mumwache, kambale anajua muntu wa masomo, anamukimbia!" Masomo yangu yalikuwa yamekatika mwaka wa nne wa sekondari, lakini kando ya mto hata hayo yalikuwa masomo. Yaya hakuruhusiwa kuingia majini. Alikaa ukingoni juu ya beseni lililopinduliwa, tumbo mbele, akicheka kuliko wote. Kulikuwa na asubuhi ambazo mto ulishuka kutoka upande wa viwanda vya madini na rangi ya kijani hafifu na harufu kama ya betri iliyopasuka. Asubuhi hizo hakuna aliyeingia. Walisema mto una homa. Kesho yake waliingia.

Mwaka huohuo nilipata kazi ya kuosha vyombo katika maabara moja ya chuo. Mtu wa parokia alinipeleka. Kilikuwa chumba kirefu chenye vioo vilivyopakwa rangi nyeupe ili jua lisiingie, na meza za saruji, na friji iliyonguruma hata ilipokuwa haigandishi kitu. Chupa zote niliziosha kwa sabuni, kisha nikaziloweka katika asidi, kisha nikazisuuza kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, kwa sababu kidole kimoja tu cha mtu aliyeshika sarafu kingeweza kuharibu kipimo. Mwenye kazi alikuwa asistenti Monga, mwanamume mwembamba, mpole, aliyekula mkate na parachichi amesimama na kuongea huku anafanya kazi kama mtu anayejikumbusha. Umeme ukikatika, na ulikatika mno, alinituma kwa mama mmoja wa Kivu aliyekuwa na ghala la samaki wa barafu katika soko la mtaa uitwao Kenya, nirudi mbio na mfuko wa barafu kichwani, maji yakinitiririka shingoni. Maini ya samaki yalipaswa kukatwa na kusagwa juu ya barafu. Yakipata joto, vimeng'enya vya ndani, vile vinavyofanya kazi ya mwili kimyakimya, vinaharibika, na kipimo hakisemi tena ukweli. Mama wa Kivu alinitania kila mara: "Bado munafanyia samaki kilio kule? Munaiwekea barafu na hamuiziki?"

Samaki wenyewe walikuja katika mifuko yenye jina la mto. Siku nilipousoma mfuko ulioandikwa Naviundu nilisimama nao mkononi mpaka asistenti akauliza kama nimeona nyoka. Nikamwambia ninakaa pale. Alimpasua samaki mmoja, akanionyesha ini. Lilikuwa na madoa, na rangi yake haikuwa ile ninayoijua ya samaki wa ziwa. Nikamuuliza kwa nini basi samaki hakufa. Akaniuliza, "Mwizi akiingia kwako, ukamushika na mikono mbili, umeokoka?" Nikasema nimeokoka. "Muzuri. Sasa pika bukari," yaani ugali. Nikamtazama. "Pika," alisema. "Hauwezi. Mikono iko na kazi." Ndipo akanieleza kwamba katika ini kuna protini ndogo ambayo mwili huitengeneza kwa wingi metali zinapoingia, shaba na nyingine mbaya kuliko shaba, na kazi yake ni kuzikamata zisizunguke. Samaki hafi. Anakaa ameshika mwizi. Lakini nguvu ya kukua na ya kuzaa inaishia pale. Nimekwenda kanisani maisha yangu yote, na hakuna mahubiri yaliyoniingia kama yale.

Pembeni ya dirisha aliweka masanduku ya nyungunyungu. Sanduku liligawanywa katikati kwa kibao, upande mmoja udongo wa bustani za kando ya mto, upande wa pili udongo safi aliouleta kutoka mbali. Aliondoa kibao, akawaweka nyungunyungu kwenye mstari wa katikati, akafunika. Baada ya muda tulifunua na kuona wamekwenda upande gani, na karibu wote walikuwa wamehama. Hawana macho, alisema, ngozi ndiyo inawaambia. Wale waliochelewa kuhama, hasa kwenye udongo ulionyunyiziwa dawa ya wadudu, tuliwakuta wamelegea, kwa sababu dawa ile hukizima kimeng'enya kinachozuia neva zisipige kelele bila kunyamaza. Nilimuuliza nyungunyungu wangefanya nini kama pande zote mbili zingekuwa za udongo wa kwetu. "Hiyo hatuipimi," akasema.

Jioni nilirudi nyumbani na mezani palikuwa na kambale. Tulikula kutoka sahani moja, kama watu wa nyumba moja. Nikaanza kumega bukari na kuichovya pembeni, kwenye nyanya na kitunguu, mkono wangu ukimzunguka samaki. Nilidhani giza la kibatari linanisaidia. Halikunisaidia.

"Feli," Mama Numbi alisema, "mukono yako inaogopa kintu gani mu sahani?"

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba na nini? Samaki unaizunguka sawa bantu banazunguka kaburi."

Yaya akacheka. "Mumwache, Mama, iko na muchumba, anatafuta kukonda."

"Mi siko nacheka," Mama Numbi alisema, na kweli hakuwa anacheka. "Kwetu, muntu mwenye kukataa chakula ya nyumba, njo anajua kile iko ndani."

Sina haja ya kueleza kwa marefu maneno hayo yanakwenda wapi katika nyumba iliyokwisha kupoteza mimba mbili. Jirani zetu walikuwa wamemfukuza msichana kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikaona ni heri niseme. Nikasema kule kazini tunapasua samaki wa mto huuhuu, na maini yao yana sumu.

"Nani alitia?"

"Hakuna muntu, Mama. Ni maji."

"Maji iko na mikono?"

Alijijibu mwenyewe. "Donc basi unajua kama iko sumu. Unaona mwenye mimba anakula kila siku. Unanyamaza. Na leo unaniambia hakuna muntu." Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote hii na sijapata mahali pa kuyavunja. Kila nilipogeuka palikuwa na ukuta. Nikila, ninakula nilichokiona juu ya barafu. Nisipokula, mimi ndiye mchawi. Nikieleza, ninaeleza kwamba nilijua. Yaya alinyoosha mkono, akakata kipande cha tumbo, palipo na mafuta, akakiviringisha katika bukari akaniwekea kiganjani. "Kula, Feli," alisema, bila hasira. Nikala. Ilikuwa tamu. Lazima niseme hivyo pia.

Asubuhi Yaya alinifuata bustanini, akainama karibu nami kama anapalilia. "Ile ulisema jana iko kweli, ao ni maneno ya masomo?"

"Iko kweli, Yaya."

"Na lengalenga je?"

"Sijui. Hatupimi mboga."

"Na mutoto?"

"Sijui."

"Alor basi unajua nini?"

"Najua maini ya kambale."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Bamama banasomesha batoto, banakuwa badaktari. Wetu amesomea maini!" Kisha akafuta macho, akauliza kama hakuna dawa. Nikamwambia ninachokijua: asistenti ana tangi la maji safi, anaweka samaki wa mtoni humo, na polepole ini linaanza kutulia. Aliacha kung'oa majani. Nilimwona anafikiri, na nilifurahi kwamba nimempa kitu kizuri cha kufikiri.

Siku ile ile beseni kubwa la kijani likahamia chumba cha nyuma, limejaa maji ya bomba ya kwa jirani. Kambale ni samaki wa kupumua hewa, hafi upesi. Walikaa humo usiku kucha wakigonga ukingo, na asubuhi Yaya akawapika kwa moyo mweupe. Mama Numbi aliridhika, maana alidhani ni kwa ajili ya kuwa wabichi, na mimi mkono wangu sahanini ukapata amani ya nje. Halafu majirani wakaona. Mama Shantali, mwenye mapacha waliokuwa wameanza tu kutembea, alikuwa wa kwanza kuja na bakuli. Yaya akawa anawauzia. "Hii ilinawa inje na ndani," aliwaambia, nao wakapenda neno hilo. Wakaanza kuja wengine, wakipita bila kuwatazama wanawake waliouza kambale wa mtoni moja kwa moja. Nilimvuta pembeni. "Yaya, mi nilisema polepole. Sikusema usiku moja."

"Polepole ni siku ngapi?"

"Sijui."

"Basi tuulize mwenye kujua."

Alikwenda mwenyewe, na tumbo lile, kambale wa beseni katika ndoo moja na wa mtoni katika nyingine, akapumzika mara nyingi njiani chini ya miti ya watu. Asistenti Monga alimpa kiti chake pekee. Aliwapasua wote juu ya barafu mbele yake, akaeleza kila alichofanya, naye Yaya alifuatisha kwa macho kama anayeangalia mtu akimshonea nguo. Majibu hayakutoka siku hiyo. Yalipotoka alirudi kuyasikia, hakutaka nimletee mimi.

"Mama, iko sawasawa," asistenti alisema. "Ya beseni na ya muto. Hakuna tofauti."

"Nikiiacha zaidi?"

"Miezi. Shaba itapungua kidogo kidogo. Kadmium, ile mubaya zaidi, iko na kichwa nguvu, ile inakaa."

"Miezi!" Yaya alisema. "Mu beseni yangu samaki itakuwa imebatizwa na kuolewa." Sote tukacheka, na kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Akauliza kama mtoto tumboni anaipata sumu hiyo. Asistenti alisema katika samaki sehemu nyingine hupita kwenye mayai na nyingine huzuiwa, lakini mtu si samaki, yeye hajapima watu, hawezi kusema. Alisema hivyo bila kujificha. Kisha Yaya akamuuliza, "We ungekula?"

Aliangalia mikono yake. "Mi nakula tomson, mama."

Tulipofika nyumbani Mama Shantali alikuwa anangoja mlangoni na bakuli lake, pacha mmoja mgongoni. Yaya akamwambia leo hakuna. "Na hii nasikia inapiga mu beseni?" "Ile ya nyumba." Mama Shantali alisonya. "Mimba imekuletea choyo, Godelive," akasema, na tangu siku hiyo hakutusalimia. Yaya hakumweleza. Angemwelezaje? Angesema mto una sumu, na lengalenga lake lililokunywa maji ya mto huo nani angelinunua? Na jioni hiyo mtaa mzima ungekuwa unauliza ni nani aliyetia. Alilipokea jina la mchoyo akaingia ndani. Na jioni akala kambale wa beseni, yote ya sehemu yake. Aliniona ninamtazama. "Kuuza, siuzi tena," alisema kwa sauti ya chini, Mama Numbi akiwa nje anapuliza mbabula, jiko letu la makaa. "Batoto ba bantu hapana. Lakini huyu wangu iko na njaa sasa. Hangoji miezi."

Nimekuwa nikisikia watu wakisema kwamba maskini wanakula vitu vibaya kwa kuwa hawajui. Dada yangu alijua. Alikwenda kwa miguu kutafuta kujua, akaketi kwenye kiti akapewa jibu, akarudi nalo nyumbani, na halikuwa na mahali pa kukaa isipokuwa ndani yake mwenyewe. Hatukuhama. Tungehamia wapi? Wiki zilizofuata zilikuwa za mvua, bustani ilijaa maji, mto ulipanda ukawa karibu na ukuta wa choo, na ndani ya vyumba vile viwili sote watatu tulilisikiliza tumbo lile. Yaya alikuwa ananiuliza kila niliporudi, "Leo mumeona nini?" nami nikamwambia, maana sijui kusema kitu kingine. Nilimwambia habari za maini. Mwezi uliowaua wale wawili wa kwanza ulifika. Ulipita.

Mtoto alizaliwa kwenye zahanati ya masista, mchana, mvua ikinyesha. Alikuwa mdogo, lakini alilia. Mama Numbi alicheza uani mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka topeni. Aliniita kwa jina mbele ya akina mama wote waliokuwa wanangoja zamu. "Feli! Banasema sumu! Kuya uangalie sumu yenu iko inalia!" Wote walicheka, na mimi nilicheka, nilikuwa na furaha kama mtu mwingine yeyote pale. Mtoto huyo aliishi. Yuko, ana watoto wake. Ni mfupi kuliko baba yake kwa kichwa kizima, na kuna familia nyingi ambazo mtoto ni mfupi kuliko baba. Mimi siwezi kusema ni mto. Siwezi kusema si mto. Vivyo hivyo na figo za mama yake. Asistenti Monga alinifundisha kwamba kiumbe kuishi na kiumbe kuwa mzima ni mambo mawili, lakini hakunifundisha namna ya kumwambia hivyo bibi anayecheza.

Siku tuliyomleta nyumbani, Mama Numbi alipika mchuzi tangu asubuhi. Ukingo wa mto ulikuwa umefurika, kambale waliingia wenyewe hadi bustanini, alisema, kana kwamba wamekuja kumsalimia mtoto. Akaleta bakuli kubwa likitoa moshi, akaliweka mikononi mwa Yaya aliyekuwa ameketi kitandani, mtoto amelala kifuani pake. Mafuta yalielea juu, ya manjano, mazuri. Yaya alilitazama bakuli, kisha akanitazama mimi.

"Feli," aliuliza polepole, "maziwa inatoka wapi?"

"Mu mwili, Yaya."

"Mwili yangu."

"Ndiyo."

Alingoja niongeze neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni. "Kunywa, mwana wangu," Mama Numbi alisema, "ili maziwa ikuye." Yaya alifunga macho akainua bakuli, akanywa yote bila kupumzika, na mtoto akaamka, akaanza kutafuta titi.